Boriti ya Babu, Chai ya Bibi

Karakana ya Boti,
Mlango wa bluu, nyuma ya ghala la chumvi.
Jumapili, tarehe nane, mchana wa mvua.

Mpendwa Bibi, mke wangu wa ujana,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana najua ya kwanza Shangazi ameisoma mbiombio. Shangazi, na wewe shikamoo, ila nakuomba kitu kimoja: msomee Bibi kila neno kama lilivyo. Ukifika penye utani usijikohoze ukaruka mstari. Nakujua.

Habari za huko? Habari za magoti? Nimesikia lile la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Na yale meno yako mawili bado yanaelewana, au kila moja limeshika njia yake? Dawa ya kifua je, unaimeza, au unaimwagia maua ya Shangazi kama ulivyofanya hapa kwetu? Maua ya hapa yalikuwa hayaugui kabisa. Tangu uondoke yamekauka, na kikohozi chako nadhani umeondoka nacho.

Sisi huku wazima. Nalisema mapema na nalikazia: wazima, mimi na Baba, vidole vyote na vichwa vyote viwili. Lakini tumechoka, Bibi. Uchovu wenyewe umetuchoka. Juzi Baba alilala na kiatu kimoja mguuni, na mimi niliyejiandaa kumcheka asubuhi niliamka na vyangu vyote viwili.

Nakuandikia kwa kuwa Baba ameniagiza. Kuna ujumbe wake kwako, na kwenye simu hataki kuusema, kwa sababu wewe simu unaishika kama unaikamua, na kila anachokwambia unajibu, "Umekula?" Nitaufikia ujumbe. Usimsukumesukume Shangazi.

Boti ya Nahodha unaikumbuka, ile nyeupe ya faiba yenye mstari mwekundu, inayovusha wagonjwa na watu wenye haraka zao kwenda ng'ambo. Injini yake haining'inii mkiani kama za wenzake. Imelala ndani, tumboni, chini ya mfuniko, kubwa kama ng'ombe aliyekunja miguu. Basi imekufa, tena kifo kibaya. Imetema oili, imesaga chuma kwa chuma, na haitibiki ikiwa humo humo. Sharti itolewe nzima nzima.

Nahodha mwenyewe tumempa jina la Mikono-Mfukoni, maana hakuna aliyewahi kuziona kucha zake. Wiki nzima kila asubuhi amekuja kusimama mlangoni na kuuliza, "Bado?" Tunajibu, "Bado." Anasema, "Wagonjwa wanavuka kwa makasia." Halafu anaondoka. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia, maana anasema kweli, lakini unaweza kumchoka kabla hata hujanawa uso.

Sasa, injini ya vile haitoki kwa dua wala kwa misuli, hata misuli yangu ambayo wewe mwenyewe uliisifu. Inatoka kwa kifaa cha kuinulia. Na kifaa gani, hapo ndipo mimi na mwanao tulipogombana.

Kwa Baba halikuwa swali kabisa. Kuna boriti ya Babu, ile iliyolala toka ukuta hadi ukuta juu ya karakana, na kuna puli ya mnyororo ya Babu, ambayo inafungwa kwenye boriti. Unavuta mnyororo, mzigo unapanda. Boriti ile imeinua injini kabla mimi sijafikiriwa, na Baba akiiongelea utadhani ndiyo iliyomnyonyesha.

Mimi nikachukua ngazi na bisibisi, nikapanda. Nikaichoma boriti katikati, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Bibi, hata ndizi mbivu inabisha zaidi ya vile. Nikamwita Baba aje aone.

Akasimama chini akaangalia. Akasema, "Umepata sehemu moja laini."

Nikasema, "Baba, hii ni mchwa."

"Kila kitu kina sehemu laini. Hata wewe unayo, ipo juu ya shingo."

Ndivyo mwanao anavyoongea na fundi mwenzake. Sijui ulimlea wewe au ulimwokota.

Basi nikasema nitatafuta kifaa changu. Lori lenye kreni haliwezi kupita kwenye uchochoro wetu, hilo hata Mikono-Mfukoni aliliona. Nikaenda gereji ya jirani, kwa yule fundi wa magari tunayemwita Taratibu. Taratibu akanionyesha vitu viwili. Cha kwanza ni mabomba matatu marefu ya chuma yanayofungwa pamoja kichwani, yakisimama yanakuwa kama kigoda cha miguu mitatu, na puli inaning'inia katikati. Cha pili ni kreni ya gereji: nyekundu, ina magurudumu, ina jeki, ina mkono unaopanda ukipampu. Nikayaangalia yale mabomba nikamwambia haya ni ya kuvutia ndoo kisimani. Nikachukua kreni. Nikaisukuma barabarani mchana kweupe, polepole, ili watu waione vizuri, na yeyote aliyeuliza nilimweleza kwa kirefu. Ambaye hakuuliza nilimweleza kwa kifupi.

Shule mimi niliiacha kabla haijaniacha, lakini namba nazijua. Kwenye mkono wa kreni imeandikwa tani mbili. Injini na gia yake haifiki hata tani moja. Nikampigia Baba hesabu hiyo mbele ya watu, kwa sauti ya mwalimu.

Sasa sikiliza kosa, na usicheke mpaka mwisho. Kreni ile ina miguu miwili mirefu inayotambaa chini kwenda mbele, na sharti iingie chini ya mzigo, ndiyo inayoizuia isidondoke kifudifudi. Kwenye gari hakuna taabu, miguu inapita chini. Lakini boti imekaa juu ya trela, na trela ina ekseli na magurudumu yake. Miguu ya kreni ikafika kwenye magurudumu ikagota. Ndoano ikabaki inaning'inia nje ya boti, na injini iko katikati ya boti. Nilikuwa nimepima urefu wa kwenda juu, mara mbili, na upana wa mlango, na kichwa changu. Kwenda mbele sikupima.

Nikasema si neno. Mkono wa kreni una kipande cha ndani kinachovutwa kama droo ya kabati. Nikauvuta mpaka tundu la mwisho, ndoano ikafika. Nikafunga mikanda, nikaanza kupampu jeki kwa madaha. Nikapampu, nikapampu. Injini haikusogea hata unywele. Kilichoinuka ni magurudumu ya nyuma ya kreni. Ikainama na mkia wake juu, kama mbuzi anayekunywa maji.

Taratibu akaja kwa mwendo wake ule, akakaa juu ya mkia wa kreni, ikashuka. Akafuta kutu kwenye tundu la mwisho kwa kidole gumba, akanionyesha. Pale imeandikwa nusu tani. Zile tani mbili ni za tundu la kwanza, mkono ukiwa mfupi. Kila unaponyoosha mkono nguvu inapungua, na mimi nilisoma namba kubwa nikaridhika. Wanaume wengi wameponzwa hivyo, usinione wa kwanza.

Baba hakucheka. Angecheka ningepona. Aliuchukua mnyororo wa Babu akaubeba begani, akaweka ngazi, akapanda kwenye boriti.

Na hapo, Bibi, mimi niliyekuwa na haki kuhusu boriti ndiye niliyemfanya aiamini zaidi. Kama nisingeileta kreni kwa mbwembwe angenisikiliza labda. Nilirudisha kreni kwa njia ya nyuma, na watu walewale wakatokea huko huko, sijui nani aliwaambia.

Ijumaa asubuhi puli ilikuwa juu, mnyororo chini, mikanda imefungwa. Likabaki moja. Injini ikipanda haipiti kwenye mdomo wa boti ikiwa imelala sawa, inabidi iinamishwe, na wa kuiinamisha ni mtu anayeingia tumboni mwa boti, anapiga goti chini yake na kuisukuma kwa bega. Hiyo nafasi ilikuwa ya Baba zama za Babu. Sasa ni yangu.

Nikasema, "Mimi chini ya boriti ile siingii."

Baba alikaa kwenye ndoo akaanza kuvua viatu.

Unaujua mgongo wa Baba. Akiinama kuchukua spana anabaki kule chini akitafuta na kingine cha kufanya ili asipoteze safari. Nikamwangalia anavyohangaika na kamba za viatu, nikachoka, Bibi. Nilichoka kubishana, nilichoka kuwa na haki. Nikaruka ndani ya boti mwenyewe. Shangazi, hapo soma kwa sauti: si kwamba nampenda, namhurumia tu.

Nikakaa mle ndani, maji machafu yananipiga vifundoni, injini mbele ya uso wangu, na juu yake boriti. Baba na Taratibu wakavuta mnyororo. Injini ikaachia kitanda chake, ikainuka. Ilipofika juu kiasi cha kiganja, wakasimama.

Hiyo ni sheria ya hapa, na wewe unaijua kuliko mimi. Mzigo unainuliwa kiganja kimoja, kisha unaachwa unaning'inia, watu wote wanatoka nje kunywa chai. Chai ikiisha mnarudi kuangalia. Kama mzigo uko palepale ulipouacha, unaendelea. Watu wa mtaani wanasema ni sheria ya Babu. Baba kaniambia yeye alikuwa mdogo, anakumbuka vizuri: Babu angemaliza kazi hata kwa njaa, ila wewe ulikuwa unakuja na birika na kusimama nalo mlangoni, hulitui mpaka kila mtu ametoka chini ya mzigo. Ukimkuta kang'ang'ania unalirudisha nyumbani. Mimi siku zote nimeiita sheria ya wavivu. Tena nimeiita hivyo mbele yako, ukanipiga kwa mwiko.

Ijumaa sikuitaka hiyo chai. Nilitaka kazi iishe. Nilikuwa nimeshapiga goti, bega lipo tayari, nikawaambia, "Vuteni tu tumalize."

Baba akasema, "Chai kwanza."

Nikasema, "Baba, kwani wewe unaiamini boriti au unaiamini chai?"

Akasema, "Shuka."

"Si ulisema ni sehemu moja laini?"

"Shuka, Kiroboto."

Alivyoniita jina hilo uliloniita wewe, nikashuka. Nikatoka nikinung'unika, nikamiminiwa chai, nikaiona ya moto mno, sukari kidogo, kikombe kimebomoka mdomo. Nilikuwa natafuta la kulalamikia na nikayapata mengi. Taratibu alikuwa anapuliza chake, na kwake kupuliza ni kazi ya nusu siku.

Haikutoa mlio mkubwa kama ninavyousimulia kijiweni. Ulikuwa mlio mkavu, kama mtu kavunja muwa gotini. Halafu kishindo kimoja. Halafu vumbi likatoka mlangoni polepole likatukuta pale tulipokaa.

Injini ilirudi kitandani kwake, kiganja kimoja tu, haikuvunja kitu. Lakini boriti ilishuka na puli na mnyororo wake wote, ikalala tumboni mwa boti, palepale nilipokuwa nimepiga goti. Maji machafu yalikuwa bado yanacheza.

Na kitu kimoja kinaniudhi mpaka leo. Haikukatikia pale nilipochoma bisibisi. Pale hapana hata ufa. Imekatikia kwenye ukuta, mahali ambapo hata sikupagusa. Yaani nilikuwa na haki na bado sikujua nilikuwa na haki wapi.

Baba aliketi tena kwenye ndoo, akanywa chai yake yote mpaka majani. Kisha akaenda akaokota kipande cha boriti, akakiminya, kikawa unga mkononi mwake kama biskuti kuukuu. Akaufuta ule unga kwenye suruali. Alirudi nyumbani mapema, na mimi nikaenda nyuma yake, tumeachana hatua chache, kama watu wasiojuana waliokutana njia moja. Sikumtania. Nilijaribu nikashindwa.

Jana asubuhi nilimkuta gereji kabla yangu. Alikuwa anabeba yale mabomba na Taratibu, bomba moja moja, bila kuniangalia. Yale ya ndoo za kisimani. Nikanyakua la tatu. Tukayasimamisha juu ya boti, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, wa tatu mbele ya trela. Mimi ndiye niliyesema tuzungushe mnyororo chini, mguu kwa mguu, yasije yakateleza yakatanuka. Hilo ni wazo langu mimi peke yangu, na Taratibu ni shahidi, muulizeni akifika huko baada ya miaka.

Nilipima kwenda juu, nikapima kwenda mbele, nikapima kila kitu. Nikasoma namba kwenye puli mpaka zile ndogo. Tukavuta. Injini ikainuka, kiganja.

Baba alikuwa ameshika mnyororo, ananiangalia. Mikono-Mfukoni alikuwepo, amesimama mlangoni, "Bado?" imemjaa mdomoni. Nikasema mimi, "Chai."

Tukatoka. Baba akamimina vikombe vinne. Na Bibi, kama huamini mengine amini hili: Mikono-Mfukoni alitoa mikono mfukoni kupokea kikombe. Tumeziona kucha. Ni za kawaida tu.

Tuliporudi mzigo ulikuwa palepale. Nikaingia, nikasukuma kwa bega, ikainama, ikapita mdomo wa boti kama mwali anayetolewa ndani. Tukaivuta trela kinyumenyume, boti ikaondoka chini yake, injini ikabaki hewani peke yake, kama mgeni aliyesahau alikokuwa anakwenda. Kilichobaki sasa ni kuifungua na kuzoa kilichosagika. Ubavu wa boti una ufa wa ile boriti, nitauziba kwa faiba, na nikimaliza hutajua ufa ulikuwa wapi. Wengine wanajua kuziba, mimi najua kuficha.

Boriti Baba kaiegemeza ukutani nje, vipande vyote viwili, na jana wingu lilipotanda akaenda kuifunika turubai. Imevunjika, ina mchwa, na anaifunika isilowe. Sijamwambia kitu. Wewe ukimjibu, mwambie ni mti, na mti una siku zake. Kwangu atabisha, kwako hana ubavu.

Salamu nyingi kwa Shangazi, ambaye hapa atajifanya hajaona, na kwa mume wake, mwambie redio yake niliyoitengeneza kama inaongea lugha mbili kwa mpigo ndivyo nilivyokusudia. Msalimie binamu yangu yule mrefu, na mtoto wake aliyerithi masikio yetu, pole yake. Jirani yako wa zamani wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza sufuria yake. Nimemwambia sikujui.

Sasa ujumbe wa Baba. Leo asubuhi mvua ilipoanza kunyesha alinikuta nanoa kalamu kwa kisu, akasimama nyuma yangu.

Akasema, "Mwandikie mama. Mwambie boriti ya baba imeanguka."

Nikamuuliza, "Nimwambie tu hivyo? Atashtuka. Niongeze nini?"

Akafikiri, akaenda mpaka mlangoni, akaangalia mvua, akarudi.

"Mwambie tulikuwa nje, tunakunywa chai."

Mungu akutunze, Bibi, akupe pumzi ndefu na magoti ya kukufikisha unakotaka. Na ule mwiko ulionipigia, uweke. Nina deni la kuinamisha kichwa.

Ni mimi mumeo mdogo, nikupendaye hata nikiwa nimechoka hivi,

Kiroboto